UDONGO HAUJACHOKA, NI SISI TUMEUPONDA



Wote tumeona masahani ya interna tangu mwezi wa kwanza. Maharagi ya shamba letu, yale tulizoea kula muda wa juma sita nyuma ya mavuno, mara hii yaliisha mbele ya juma la tatu kutimia. Leo ni bugali na sombe, kesho ni sombe na bugali. Usiku katika vyumba vya kulala tunasikia maneno: « Udongo ya hapa imechoka kabisa. Banunue mbolea, mambo iishe. » Siku ya posho iliyopita, katika mkutano wa wakubwa wa kalasi, shauri lilitolewa kwamba kila mwanafunzi alete feza kidogo, tununue mifuko miwili ya mbolea ya duka, ile NPK. Karibu wote waliinua mkono. Sisi hatukuinua. Walituuliza sababu, lakini kengele ya chakula ililia, na mnajua vile inakuwaga kengele ya chakula ikilia. Basi, tunajibu hapa. Tunaomba mtu asome mpaka mwisho, kiisha atutukane akipenda.

Hatusemi kwamba NPK iko mbaya. Tunasema hivi: mtu mwenye kununua chakula na kukipeleka kwenye gala lenye mlango umefungwa, anatupa feza za wazazi wake. Na mlango wa gala la udongo ni muundo wake, ni kusema namna chembe zake zinavyoshikana na kukaa pamoja. Mlango huo katika shamba letu umefungwa, na wenye kuufunga ni sisi.

Tuanze polepole, juu ya ndugu zetu wa kalasi za chini. Kila udongo uko na chembe za ukubwa mbalimbali. Ziko za mchanga, zenye jicho linaziona. Ziko za ufinyanzi, zenye ni ndogo sana, chini ya 0,002 milimetri. Shamba letu hapa mlimani ni udongo mwekundu wenye ufinyanzi mwingi. Hilo hatuwezi kulibadilisha, na wajukuu wetu watalikuta vile vile. Lakini namna chembe hizo zinavyokaa pamoja, hiyo inajengwa na inabomolewa. Fikirini matofali elfu. Yakipangwa vizuri, ni nyumba yenye milango na madirisha, mtu anaingia na analala. Yakimwagwa chini, ni matofali yale yale, hata moja halikupotea, lakini hakuna pa kulala. Udongo uko vile.

Katika udongo mzuri chembe zimeshikana kuwa vitonge vidogo, vingine kama mtama, vingine kama punje za maharagi. Gundi yake ni humusi, yaani majani na samadi vilivyooza mpaka vikawa vyeusi. Gundi ingine ni mizizi midogo, na nyuzi nyembamba za uyoga, na ute wa minyoo ya udongo. Katika udongo wetu mwekundu hata kutu ya chuma inasaidia kushika. Katikati ya kitonge na kitonge iko nafasi kubwa: mvua inashuka humo, na hewa inaingia humo. Ndani ya kitonge iko nafasi ndogo ndogo: humo maji yanabaki, mmea unakunywa siku mvua haiko. Udongo wa juu wenye afya, karibu nusu yake ni nafasi tupu, si udongo. Mtu mwenye kuona shamba na kusema « hii yote ni udongo » amekosa nusu nzima.

Sasa tueleze yale tuliyoyaona na macho. Siku ya tano, nyuma ya masomo, tulichukua kopo la tomati, tukakata chini na juu. Tulilisukuma kidogo katika udongo pahali patatu, tukamwaga kikombe kimoja cha maji kila pahali. Pahali pa kwanza palikuwa chini ya ule muavoka, kule hakuna mtu anapita na majani yanaoza. Maji yaliingia mbele ya kumaliza kuimba ubeti mmoja. Pahali pa pili palikuwa katikati ya shamba letu la chini. Tuliimba wimbo mzima, tukarudilia, na maji bado yalionekana. Pahali pa tatu palikuwa katika ile njia ya mkato yenye sisi wote tunapita kwenda kuchota maji. Hapo kengele ya somo la mangaribi ililia na kikombe chetu bado kilikuwa juu, mdudu anaogelea ndani.

Kiisha tulichukua bonge moja chini ya muavoka na bonge lingine shambani, tukayakausha, tukayatia katika maji bila kuyagusa. La muavoka lilikaa. La shambani lilianguka lenyewe kama sukari, maji yakawa mekundu. Tafazali msitusadiki tu. Kopo liko kwetu, yeyote aje achukue, ajaribu mwenyewe. Udongo wa pahali pote patatu ni wa mlima mmoja, wa rangi moja. Kilicho tofauti ni muundo tu.

Tuangalie kwanza mambo ya mwili wa udongo. Mvua inapopiga udongo usio na kifuniko, vitonge zaifu vinapasuka, chembe ndogo zinaziba nafasi, na jua likitoka linakauka kama ganda. Miche ya maharagi inainama chini ya ganda hilo, mingine inavunjika shingo. Maji nayo, kwa kuwa mlango umefungwa, yanatelemuka. Ndiyo sababu nyuma ya mvua mto wetu unakuwa mwekundu. Wekundu huo ni shamba letu lenye kwenda zake. Na ni udongo wa juu ndio unakwenda, ule wenye humusi.

Wengine watasema ni mambo madogo. Hapa kwetu Kivu hatuna ruhusa ya kusema vile. Mwezi wa tano wa mwaka 2023 mvua kubwa ilipiga katika Kalehe, na maji na matope yalipita katika Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Hatusemi kwamba muundo wa udongo peke yake ulileta msiba ule, mvua yenyewe ilikuwa kali sana. Lakini mlima usioweza kunywa, mvua yote unaitupa chini kwa watu. Kila shamba lenye kunywa maji linapunguza kidogo mzigo wa bonde. Hata letu.

Tena iko uzito. Sentimetri moja ya mraba wa pande zote ya udongo wenye vitonge vizuri inaweza kuwa na uzito wa karibu gramu 1,1 mpaka 1,3. Ufinyanzi uliokanyagwa unaweza kupita gramu 1,5, na hapo mizizi inahangaika kupenya. Tulichimbua mashina ya maharagi kule chini: mizizi ilishuka kidogo tu, kiisha ikapinda na kutambaa kando, kama mtu mwenye kutafuta mlango gizani.

Sasa mambo ya kemia, kwa sababu hapa ndipo habari ya NPK inaingia. Wengi wanafikiri chakula cha mimea ni jambo la kemia tu: kinakosa, tunakiongeza, basi. Lakini kemia inakaa ndani ya nyumba ya muundo.

La kwanza ni hewa. Udongo ukizibwa na kujaa maji, oksijeni inakosa. Bakteria fulani, kwa kukosa oksijeni ya hewa, zinaichukua katika nitrati, na azoti inarudi hewani kama gazi. Tumeilipia feza, inaruka. Vile vile vile vifundo vya mizizi ya maharagi, vyenye kuchukua azoti ya hewa na kulisha mmea bure, vinataka kupumua. Katika shamba la chini tulipata vifundo vichache, na majani yalikuwa manjano. Tulisema ni ugonjwa. Inawezekana ilikuwa pumzi.

La pili ni fosfori. Hiyo haitembei sana katika udongo, ni milimetri chache tu. Mzizi ndio unapashwa kuifuata. Kama bonge liko gumu na mzizi hauingii, fosfori ya ndani ni kama chakula ndani ya chungu kilichofungwa: njaa iko nje, chakula kiko ndani. Tena udongo mwekundu wenye uchungu unashika fosfori kwa nguvu na chuma chake na alumini yake. Na uchungu ukizidi, pH ikishuka chini ya 5,5, alumini inaanza kuyeyuka na inaumiza ncha za mizizi. Mzizi mfupi, fosfori ya mbali: namna gani mmea utashiba?

La tatu ni gala lenyewe. Ufinyanzi wa udongo mwekundu kama huu mara nyingi hauna nguvu nyingi ya kushika kalsiamu, potasi na wenzake. Humusi inashika mara nyingi zaidi kwa uzito ule ule. Kwa hiyo kwetu humusi ni karibu gala zima. Na humusi inajificha wapi? Ndani ya vitonge, pahali vijidudu havifiki kwa urahisi. Tukivunja vitonge, tunavifungulia mlango: vinakula humusi upesi, kaboni inakwenda hewani, na gundi inaisha. Gundi ikiisha, vitonge vipya havitengenezwi. Ni duara mbaya.

Sasa chukueni mfuko mmoja wa NPK 17-17-17 wa kilo 50. Ndani iko azoti kilo 8,5. Tukiutia katika shamba la chini namna lilivyo leo, azoti ingine itatelemuka na maji mekundu, ingine itaruka hewani, na fosfori sehemu kubwa itakamatwa mbele mzizi haujafika. Hapo ndipo feza za mama mwenye kuuza ndizi sokoni zitakwenda.

Tuseme sasa nani alibomoa nyumba hii. Hatuendi kutafuta mbali.

Kila mwisho wa kiangazi, mbele ya kupanda, tunachoma majani yote ya shamba. Ni kazi nyepesi, inapendeza macho, na watoto wa mwaka wa kwanza wanafurahi. Gundi yote ya mwaka inakwenda na moshi.

Ile njia ya mkato, hakuna mtu aliyeilima wala kuipima. Kila mmoja alipita mara moja tu, na mia tatu wakapita mara moja.

Na la tatu, hili ni letu, na tunaliandika kwa haya. Mwezi wa kumi, wanafunzi wa kalasi moja walichelewa kwenye somo la mangaribi. Sisi, mkubwa wa wanafunzi, tuliwapa azabu ya kulima kipande cha chini kesho yake. Kesho yake mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mmoja wao alisema: « Doyeni, udongo iko maji, inakamata jembe. » Tulimjibu kwamba azabu haichagui hali ya hewa. Walilima mpaka giza, na hasira, wakikanyaga na kugeuza, matope mpaka magoti. Mwenye kujua kutengeneza matofali anajua vile inafanywaga: unatia maji katika ufinyanzi, unakanyaga, unageuza, unaacha jua likaushe. Tulifikiri tunalima, kumbe tulikuwa tunafyatua matofali. Kipande kile ndicho kilitoa maharagi machache kuliko vyote. Yule mwanafunzi alikuwa na haki, na sisi tulikosa. Tunamwomba msamaha hapa, mbele ya wote.

Sasa tujibu maneno yenye tulisikia.

Wengine wanasema: « Majivu ni mbolea, wazee walichoma na walikula. » Ni kweli kwamba majivu yako na potasi na kalsiamu, na yanapunguza uchungu wa udongo. Lakini azoti na kaboni zilikwisha kupanda na moshi. Tena jikoni ya interna inatoa majivu kila siku, na tunayamwaga nyuma ya ukuta. Tuyapeleke hayo shambani, tuache majani yaoze. Na wazee wetu walichoma, kiisha walipumzisha shamba miaka mingi. Sisi tunapanda mara mbili kwa mwaka pahali pamoja.

Ndugu wa Rutshuru na Masisi wanacheka: « Kwetu unatupa mbegu, inaota. » Wengi wao wanatoka kwenye udongo wa volkano, uliozaliwa na majivu na mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira. Udongo wa namna ile ni mwepesi, mara nyingi hata gramu 0,9 haifiki, na unashika maji sana. Ni zawadi yao. Lakini hata huo unashika fosfori kwa nguvu, na milimani unatelemuka sawa na mwingine. Usiwe kipimo chetu.

Waalimu wengine wanasema: « Mwenye kulima sana ndiye mwenye kuvuna. » Hapo tunajibu kwa heshima. Uvivu hatuutetei. Lakini kuponda udongo mpaka uwe unga si bidii. Mvua moja tu, unga huo unakuwa ganda. Tulime kadiri ya kuondoa majani mabaya na kutengeneza pa kupandia mbegu, tusipite hapo.

Basi, tunaomba nini? Mambo matano, na hakuna lenye kutaka feza nyingi.

Moja: tusichome tena. Majani tuyapange kwa mistari ya kukata mlima, yaoze pale, yazuie maji.

Mbili: mtu asiingie shambani na jembe wakati udongo uko maji. Kipimo ni mkono. Kamata udongo, ufinye kama bugali, kiisha usukume na kidole gumba. Ukivunjika, ingia. Ukinyooka na kungaa, rudi, ngojea kesho.

Tatu: tufunge ile njia ya mkato. Kuzunguka ni mwendo wa dakika chache tu. Sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuzunguka, na mkituona tumekata, mtuandike.

Ine: kulima kusiwe azabu tena. Mtu mwenye kulima na hasira analima vibaya, na anachukia jembe maisha yake yote. Mwenye azabu akate yale maua ya manjano yenye kuota kando ya barabara, yale vitabu vinaita Tithonia, ayalete shambani. Majani yake yako na azoti na potasi nyingi, na yanaoza upesi. Ao abebe samadi ya mbuzi. Wakubwa wa kalasi na sisi tubebe pamoja nao, isionekane kwamba samadi ni ya wenye makosa tu.

Tano: ile feza isikusanywe sasa. Tununue kilo mbili tu za NPK, na msimu huu tupime vipande vitatu vya ukubwa mmoja. Cha kwanza na NPK peke yake, tukilima namna tulivyozoea. Cha pili na majani na samadi, bila kukanyaga. Cha tatu na yote mawili. Mbegu moja, siku moja. Mwezi wa sita tutapima maharagi mbele ya wote, na Bwana Ekonomu ashike mizani. Kama kipande cha kwanza kinashinda, tutaandika katika ukurasa huu kwamba tulikosa, na tutakuwa wa kwanza kuleta feza. Sisi tunasadiki cha tatu kitashinda, kwa sababu mbolea ya duka inafanya kazi vizuri ndani ya nyumba iliyosimama.

Tuseme na hili, ili mtu asidanganyike: muundo uliobomolewa kwa mangaribi moja haujengwi kwa msimu mmoja. Unataka miaka. Sisi wa kalasi ya mwisho tutafanya egzame ya Taifa na tutakwenda. Maharagi ya shamba lililopona hatutayala. Wenye kuyala ni ninyi wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, ninyi wenye tuliwafundisha kuchoma majani. Hatutaki mtukumbuke kwa moshi ule.

Siku ya posho ijayo, mkutano utarudilia shauri la feza. Mbele ya kuinua mkono, shukeni shambani mara moja, mfinye udongo wa kipande cha chini. Kiisha kila mtu ainue mkono kadiri ya vile aliona.

Ni sisi wenu,
Mkubwa wa wanafunzi